Hesabu Ianzie Kwenye Mizani ya Samaki: Mwongozo kwa Mwalimu wa Hoteli na Upishi wa Luzira

Mwalimu mwenzangu, wengi wa wanafunzi utakaowapokea mwaka huu katika darasa la hoteli na upishi wamekuja wakiikimbia hesabu. Hapa Uganda hesabu ni somo la lazima hadi kidato cha nne, na kijana aliyeanguka somo hilo mara nyingi huambiwa na jamaa zake: basi wewe nenda ukasomee upishi. Naye amekubali. Anaamini jikoni panataka ladha na wepesi wa mikono, na mapokezini panataka tabasamu na shati lililopigwa pasi. Baada ya masomo anaajiriwa. Mwezi wa kwanza anakatwa mshahara kwa shoti ya kaunta asiyoweza kuieleza. Mwaka wa tatu bado anabeba sahani, na mwenzake anayeweza kuisoma karatasi ya stoo ameshakuwa msimamizi wake.

Ninaandika kwa ajili ya kijana huyo, kupitia kwako. Hesabu na takwimu zifundishwe ndani ya kazi yenyewe, kwa mizani, chupa na daftari la vyumba, tangu wiki ya kwanza. Katika hoteli, ni tarakimu zinazoamua nani alipwe haki yake, nani apandishwe cheo na nyumba ipi ifunge milango kabla ya kutimiza mwaka.

Luzira ni mahali pazuri pa kufanyia kazi hii. Ukishuka na barabara ya Port Bell kutoka Nakawa hadi ziwani, kila kituo kina somo. Kuna mwalo wa samaki. Kuna gati na reli, ambako meli za mabehewa zimekuwa zikivuka ziwa kati ya hapa na Mwanza. Kuna kiwanda cha bia cha Uganda Breweries, kilichoanzishwa mwaka 1946. Kuna baa, gesti za pembezoni mwa ziwa, vibanda vya samaki wa kukaanga na wa kuchemsha, na makazi ya askari magereza ambako Kiswahili unakisikia kila siku. Huna haja ya kitabu chenye mifano ya hoteli za nchi za mbali wakati yote haya yako karibu na mlango wa darasa lako.

Samaki kwanza

Wiki ya kwanza usiandike chochote ubaoni. Nenda na wanafunzi mwaloni asubuhi, mnunue kilo 10 za sato wazima, mrudi nazo jikoni. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo tumieni ile mliyolipa siku hiyo. Hapa nitachukua shilingi 14,000 kwa kilo ili tuweze kwenda pamoja. Mmelipa 140,000.

Kabla kisu hakijagusa samaki, uliza: kipande cha mnofu cha gramu 180 kitatugharimu shilingi ngapi? Karibu wote watazidisha 14,000 kwa 0.18 na kupata 2,520. Liandike jibu hilo mahali ambapo wote wataliona, usilisifu wala usilikosoe. Kisha waache wapare magamba, watumbue, wachune minofu, watoe ngozi, na wapime tena.

Minofu ya sato hutoka kama theluthi moja ya uzito wa samaki mzima. Tuseme mmepata kilo 3.4. Zile shilingi 140,000 sasa zimebebwa na kilo 3.4 tu, yaani shilingi 41,176 kwa kila kilo ya mnofu. Kipande cha gramu 180 kinagharimu 7,412. Waangalie wanavyoitazama ile 2,520 iliyoandikwa ukutani. Ongezeni matoke, mchuzi wa karanga, mafuta, ndimu na mkaa, tuseme 2,600, sahani inafika 10,012. Kijana aliyekuwa anapanga kuiuza 10,000, akidhani anaondoka na faida maradufu, ameona kwa macho yake kwamba angelipia chakula cha mteja kutoka mfukoni mwake, hata kabla hajalipa kodi ya nyumba wala mpishi.

Usiyatupe mabaki kabla hayajaingia kwenye hesabu. Vichwa na mifupa vina wateja wake kando ya ziwa hili, kama vile mapanki ya sangara yalivyo na wateja wake kule Mwanza. Mkiviuza kwa 12,000, gharama ya minofu inashuka hadi 128,000, na kilo moja inakuwa 37,647. Hapo ndipo mwanafunzi anapoelewa kwa nini mpishi mzuri hugombana na anayetupa vichwa vya samaki.

Wiki inayofuata rudieni, lakini sasa kila mwanafunzi achune samaki wake mmoja na aandike asilimia aliyoipata. Tuseme wanafunzi kumi wamepata 29, 31, 33, 34, 34, 35, 35, 36, 36 na 37. Wastani ni 34. Takwimu imeingia bila kubisha hodi, na sasa unaweza kuuliza maswali yake. Aliyepata 29 ana kisu butu, au alipewa samaki mdogo mwenye kichwa kikubwa? Aliyepata 37 ana mkono mzuri, au ameacha miiba ndani? Mtajuaje? Wanafunzi wenyewe watapendekeza njia: tumpe mtu mmoja samaki watano wa ukubwa mmoja, au tuwape watu watano samaki wanaolingana. Hilo ni jaribio la kisayansi kamili, na wamelibuni wao. Waache waligundue polepole, usiwaharakishie jina la kitaalamu. Ninavyoona, saa mbili za mjadala huu zina thamani kuliko muhula mzima wa kukariri kanuni za wastani kutoka ubaoni.

Kuanzia hapo, kila kiambato kikubwa cha jiko lenu kipimwe hivyo: ndizi mbichi kabla na baada ya kumenywa, nyama ya ng'ombe kabla na baada ya kuchomwa, mchele kabla na baada ya kupikwa. Matokeo yakae kwenye daftari moja la darasa. Baada ya mwaka mtakuwa na kitu ambacho hoteli nyingi za mjini hazina, yaani jedwali la mavuno ya vyakula vya hapahapa, kutoka masoko ya hapahapa, kwa visu vilivyo mikononi mwa vijana wenu.

Bei na kodi

Sasa wapange bei. Hapa kuna makosa mawili ambayo nimeyaona hata kwa watu wazoefu.

La kwanza ni kuchanganya faida juu ya gharama na faida ndani ya bei. Ukitaka gharama ya chakula iwe asilimia 35 ya mauzo, unaigawanya gharama kwa 0.35, huongezi asilimia 65 juu yake. Sahani yetu ya 10,012 ukiigawanya kwa 0.35 inapata bei ya 28,606. Ukiiongezea asilimia 65 inakuwa 16,520. Tofauti ya shilingi 12,000 kwa sahani moja inatosha kuifunga nyumba.

La pili ni VAT. Nyumba yenye mauzo yanayozidi shilingi milioni 150 kwa mwaka inapaswa kujisajili kwa kodi hiyo, ambayo hapa Uganda ni asilimia 18. Sahani ikiuzwa 30,000 kodi ikiwa ndani yake, mwanafunzi atachukua asilimia 18 ya 30,000 na kusema kodi ni 5,400. Sivyo. Ile 30,000 ni sehemu 118, na kodi ni sehemu 18 kati ya hizo: shilingi 4,576. Kinachobaki kwa nyumba ni 25,424. Chora mstari mrefu ubaoni, ugawe sehemu 100 na 18, na uwaache wauone. Mtu akishauona mstari ule, hasahau.

Kisha waulize ni chakula kipi kinailetea nyumba pesa zaidi: sahani ya maharage na posho inayogharimu 1,500 na kuuzwa 6,000, au samaki wetu anayeiingizia nyumba 25,424 baada ya kodi? Kwa asilimia, maharage yanashinda, gharama yake ni robo tu ya bei wakati ya samaki inafika asilimia 39. Kwa shilingi, kila sahani ya maharage inaacha 4,500 (na kama nyumba inalipa VAT, hata hizo zitapungua) na kila sahani ya samaki inaacha 15,412. Mishahara na umeme havilipwi kwa asilimia. Mwaka 1982 walimu wawili wa Marekani, Michael Kasavana na Donald Smith, waliligeuza wazo hili kuwa njia ya kuipanga menyu nzima: kila chakula kinawekwa katika kimoja cha vyumba vinne, kwa kutazama kinauzwa mara ngapi na kinaacha shilingi ngapi. Chora vyumba hivyo sakafuni kwa chaki na wanafunzi wasimame wakiwa wamebeba majina ya vyakula. Mazungumzo yatakayofuata, kuhusu chakula gani kiondolewe na kipi kipandishwe bei, ndiyo mazungumzo yanayofanyika katika ofisi ya meneja. Wayazoee mapema.

Kaunta, na haki ya mhudumu

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo wanafunzi wetu wanapoumia.

Chupa ya Uganda Waragi ya mililita 750 ina toti 25 za mililita 30. Hiyo ni hesabu ya darasa la tano. Lakini mhudumu anayemimina kwa jicho, saa nne za usiku, muziki ukiwa juu na wateja sita wakimwita, hamimini mililita 30. Tuseme mkono wake humimina 32. Chupa kumi zilizopaswa kutoa toti 250 zitatoa 234. Zimekosekana toti 16, na kama toti ni shilingi 3,000, karatasi ya stoo itaonyesha upungufu wa 48,000. Hakuna aliyeiba. Lakini mwisho wa mwezi mhudumu huyo atakatwa, na atalia, na atakuwa hana neno la kujitetea.

Mfanyie mwanafunzi wako jambo hili kabla hajaajiriwa. Mpe chupa iliyojazwa maji, kikombe na mizani ya dijitali. Mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja, kwa hiyo mizani itamwambia alichomimina. Amimine kwa jicho mara 30, aandike kila kipimo, atafute wastani wake na atazame vipimo vyake vimetawanyika kiasi gani. Darasa zima lifanye hivyo. Kila mmoja ataondoka akiujua mkono wake kwa namba mbili, wastani na mtawanyiko, na namba hizo mbili hazisemi kitu kimoja. Mwenye wastani wa 32 anaipa nyumba hasara kila usiku, na hasara hiyo haijirekebishi. Mwenye wastani wa 30 unaoyumba kati ya 26 na 34 anawakasirisha wateja wengine na kuwafurahisha wengine, lakini kwa toti nyingi makosa yake hufutana.

Hufutana kiasi gani? Swali hili wape wanafunzi wa diploma, na lifanyie kazi mpaka mwisho. Tuseme mtawanyiko wa kawaida wa mkono ni mililita 2 kwa toti. Kwa toti 250, mtawanyiko wa jumla yake ni 2 mara kipeuo cha pili cha 250, karibu mililita 32, kama toti moja. Hata ukiizidisha mara mbili ili kuacha nafasi ya kutosha, ni toti mbili. Kwa maneno mengine, mhudumu ambaye wastani wake ni 30 sawasawa, akihudumia chupa kumi, ni nadra bahati mbaya ya mkono ikamkosesha zaidi ya toti mbili. Upungufu wa toti moja au mbili ni wa kazi, na kumkata mtu kwa ajili yake ni kumwonea. Upungufu wa toti 16 hauwezi kuwa wa bahati. Una sababu, na sababu hiyo inatafutwa: wastani wa mkono umepanda, vipimo vimeandikwa vibaya, au kweli kuna anayechukua. Msimamizi anayejua hesabu hii hana haja ya kumtuhumu mtu bure, na mhudumu anayeijua ana la kusema.

Kuna habari ninayopenda kuwasimulia wanafunzi wakiwa mbele ya kiwanda kile cha Port Bell, kwa sababu Guinness hutengenezwa humo. Mwaka 1899 kijana mmoja Mwingereza, William Sealy Gosset, aliajiriwa na kiwanda cha Guinness cha Dublin. Shida yake ilikuwa ya kikazi kabisa: alikuwa na sampuli chache tu za shayiri na kimea, na kanuni za takwimu za wakati ule zilitaka sampuli nyingi. Akatafuta njia ya kupima ni shaka kiasi gani mtu aiachie nafasi anapokuwa na vipimo vichache. Mwaka 1908 aliichapisha katika jarida la Biometrika, akitumia jina la kalamu la Student, kwa kuwa kampuni haikutaka wafanyakazi wake wachapishe kwa majina yao. Kanuni yake leo hutumiwa hospitalini, mashambani na viwandani dunia nzima, na ilizaliwa katika biashara ya vinywaji. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba takwimu ni ya wanasayansi na yeye ni wa baa, aijue habari hii.

Nayo inaihusu gesti ndogo moja kwa moja. Hoteli kubwa ina kumbukumbu za miaka; gesti ya Luzira ina za wiki tatu. Kwa wanafunzi wa cheti sioni haja ya majedwali ya Gosset. Wafundishe kuuliza maswali matatu kila wanapoletewa namba: tumepima mara ngapi, vipimo vyenyewe vinatofautiana kiasi gani, na tofauti tunayoilalamikia inazidi ile ya kawaida?

Vyumba

Mapokezini kuna namba tatu: sehemu ya vyumba iliyouzwa, wastani wa bei ya chumba kilichouzwa, na mapato yakigawanywa kwa vyumba vyote, vilivyouzwa na visivyouzwa. Wenye hoteli wengi huitazama ile ya kwanza peke yake.

Wape wanafunzi gesti ya vyumba 20. Usiku mmoja imeuza vyumba 18 kwa shilingi 80,000, jumla 1,440,000. Usiku mwingine imeuza 13 kwa 120,000, jumla 1,560,000. Usiku wa pili nyumba inaonekana nusu tupu na mmiliki amenuna, lakini kila chumba kati ya vyote 20 kimeingiza kwa wastani 78,000 badala ya 72,000. Toa sabuni, maji, ufuaji na kifungua kinywa, tuseme 15,000 kwa kila chumba kilicholaliwa. Usiku uliojaa unabaki na 1,170,000 na ule mwingine unabaki na 1,365,000. Sisemi kwamba bei ya juu hushinda daima, kwani mteja wa gesti ana pengine pa kwenda. Nasema hesabu ifanywe kabla mtu hajapunguza bei kwa woga.

Kisha wafundishe kutouamini wastani unaosimama peke yake. Gesti hiyohiyo inalaza wageni wiki nzima hivi: Jumatatu 4, Jumanne 5, Jumatano 5, Alhamisi 6, Ijumaa 15, Jumamosi 19, Jumapili 9. Jumla ni 63, wastani 9 kwa siku. Anayenunua mkate na maziwa ya watu 9 kila siku atatupa chakula siku nne, atamtuma boda dukani alfajiri siku mbili, na atapatia Jumapili tu. Kila siku ya wiki iwe na wastani wake. Hili linaonekana dogo, lakini mkate unaotupwa ni pesa, na nyumba ya kando ya ziwa ina wiki tofauti kabisa na hoteli ya wafanyabiashara ya katikati ya mji.

Na ziko siku zisizoingia kwenye wastani wowote. Tarehe 3 Juni mahujaji hujaa Namugongo. Januari 2024 wajumbe wa mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote walikuwa Munyonyo, ng'ambo ya ghuba. Mwaka 2027 Uganda, Kenya na Tanzania zimepangwa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Mwanafunzi aweke alama pembeni mwa daftari kwa kila siku ya namna hiyo na aandike sababu. Akija kukadiria wiki ya kawaida, aziache nje. Akija kukadiria sikukuu, aanzie hapo.

Namna ya kulipanga somo

Usimwachie mwalimu wa hesabu peke yake. Namba zikiletwa Ijumaa mchana na mgeni mwenye chaki, wanafunzi watazihesabu kuwa adhabu ileile waliyoikimbia. Wawili muwe jikoni pamoja, mpishi na mwenye hesabu, angalau katika masomo ya mwanzo, na mpishi ndiye aulize maswali. Mwanafunzi akimwona mwalimu wake wa upishi akikokotoa kwa umakini kabla ya kununua, atajua kwamba hii ni sehemu ya ufundi.

Anza na uwiano na asilimia, na ukae hapo muda mrefu kuliko mtaala unavyokuhimiza, hata wiki sita. Kubadilisha mapishi ya watu 4 yawe ya watu 130, kuchanganya dawa ya kusafishia kwa kipimo sahihi, kugawanya bili na kubadilisha dola kuwa shilingi, yote ni uwiano. Asiyeumudu hatafaidika na wastani wala makadirio. Simu ya mkononi iruhusiwe kama kikokotoo, lakini kwa sharti moja: kabla ya kubonyeza, kila mtu aseme jibu analolitarajia, kwa kukisia. Sifuri za shilingi yetu ni nyingi, na kosa la sifuri moja ndilo linalopita kirahisi kuliko yote. Anayekisia kwanza huliona.

Lugha isiwe ukuta. Mtihani utakuwa wa Kiingereza, sawa, lakini maelezo yaende kwa Luganda, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote itakayofikisha jambo. Na usimsimamishe mtu ubaoni kumwaibisha. Wengi wao walipoteza imani yao hapohapo.

Vyuo vikubwa vya ukanda wetu, kama Kenya Utalii cha Nairobi kilichofunguliwa mwaka 1975 na taasisi ya mafunzo ya hoteli na utalii ya Jinja yenye hoteli yake ya Crested Crane, vina hoteli ambamo mwanafunzi hukutana na namba za kweli. Wewe pengine huna. Lakini una jiko la shule, linalopika kila siku kwa idadi inayobadilika. Kila jioni wanafunzi wakadirie sahani za kesho, na kesho yake wahesabu zilizoliwa na wapime posho iliyobaki kwenye sufuria. Baada ya mwezi, muone nani makadirio yake yanakaribia na anatumia njia gani. Hata wafungwa wa gereza la Luzira wamesomeshwa ujasiriamali na biashara ndogo na MUBS, chuo cha biashara cha Makerere kilicho kwenye barabara ya Port Bell na chenye shahada za utalii na hoteli, kwa hiyo tusijidanganye kwamba hesabu ya biashara inamtaka mtu wa namna fulani au darasa la namna fulani. Na kwa mwanafunzi wako anayeota kuipanda barabara hiyo siku moja, yeye akiwa mwanachuo, msingi ni huu.

Mtihani nao ubadilike. Acha maswali yenye namba safi zinazogawanyika vizuri. Mpe kila mwanafunzi bahasha yenye risiti za soko, nyingine zimelowa na mbili hazina tarehe, karatasi ya stoo ya wiki moja, na menyu yenye vyakula vitano. Aseme kila sahani inagharimu kiasi gani, ipi ipandishwe bei, upungufu uliopo ni wa kawaida au si wa kawaida, na ni taarifa gani inayokosekana ili awe na uhakika. Sehemu hiyo ya mwisho ipe alama nyingi. Anayejua asichokijua ni mtu wa kuaminiwa na funguo za stoo.

Kabla ya kuwapeleka kwenye mafunzo ya kazini, nenda mwenyewe ukaongee na mwenye hoteli. Wengi humpokea mwanafunzi na kumweka kuosha vyombo miezi miwili. Omba jambo moja tu: usiku wa kuhesabu stoo mwisho wa mwezi, kijana huyu awemo ndani, ashike kalamu, na asubuhi yake akae na mhasibu nusu saa. Mwenye hoteli akisita kwa sababu ya siri za biashara, mwambie jina la hoteli yake halitatajwa popote. Mwanafunzi arudi kwako na ukurasa mmoja wenye mambo matatu: upungufu uliopatikana, kiasi ambacho mkono na umwagikaji wa kawaida vingeweza kuueleza, na hatua ambayo nyumba iliichukua. Kurasa hizo zisomwe darasani bila majina ya hoteli wala ya wafanyakazi, na kundi linaloingia mwaka unaofuata lianze masomo yake kwa kuzisoma.